Mashamba Yaliyoitwa Pori

Watu wakinisikia nikimsema mdogo wangu Melkizedek hudhani alikuwa mwizi au mlevi. Hakuwa mwizi. Pombe alionja tu, tena kwenye sherehe. Kanisani ndiye aliyesoma somo la Jumapili, na sauti yake ilikuwa nzuri mpaka akina mama wa Munisagara walikuwa wanapanda mlima kuja kumsikiliza. Ubaya wake ulikuwa mmoja: alijiona mjanja. Nasema hivyo mimi Paulina, niliyemtangulia kuzaliwa, niliyembeba mgongoni mama alipokuwa akilima, na asiyetaka kusikia aondoke zake.

Kwetu ni Lukwanga, mlimani juu ya reli. Kijito chetu, Nyalusi, kinatoka juu kabisa kwenye miti, kinapita katikati ya nyumba zetu, ndipo kinateremka bondeni kwenda kuingia mto Mkondoa. Tulikuwa tumekichepua kwa mfereji mmoja mdogo wa kumwagilia bustani za kiangazi, maharage, mboga, migomba kidogo. Zamu za maji zilikuwa mikononi mwa akina mama, na mama yetu alipofariki nikazishika mimi. Nilikuwa mkali, nakiri. Lakini hakuna mtu Lukwanga aliyewahi kulala njaa kwa sababu mwenzake amemkausha.

Kwetu sisi ardhi hufuata upande wa mama. Binti akiolewa, mjomba wake humpandisha mlimani, akamwambia mbele ya watu, hapa palikuwa pa bibi yako, sasa ni pako. Na shamba halilimwi kila mwaka. Likichoka linaachwa lilale, linaota vichaka, vichaka vinakuwa miti, mgeni akipita haoni kitu. Sisi tunaona. Kila shamba lililolala lina jina la mwanamke aliyelilima mwisho. Kwa Letisia, Kwa Perpetua, Kwa Selestina. Lile la mama yetu liliitwa Kwa Katarina, lilikuwa karibu na chemchemi, udongo mweusi unaoshikana mkononi, na lilikuwa likimsubiri binti yangu wa pekee, Marselina. Mume wangu alikwishafariki. Sikuwa na mbuzi, sikuwa na cherehani, sikuwa na ndugu mwenye cheo. Nilikuwa na hilo tu la kumpa mtoto.

Ujanja wa Melkizedek ulitoka Mikumi. Kabla ya Uhuru alikwenda huko kufanya kibarua cha barabara, akarudi na koti moja na maarifa mengi.

"Dada," aliniambia, "ukimwambia msimamizi unaweza kubeba makarai mawili ya kokoto, utabeba mawili mpaka siku utakayokufa. Sema moja. Tena uchechemee kidogo."

Tukacheka. Na nisiwe mnyimi wa fadhila, enzi za Mwingereza ujanja huo ulitufaa. Bwana shamba alipopanda kuja kuhesabu mashamba, ili watu walazimishwe kuchimba matuta, Melkizedek alijitolea kumwongoza njia. Akampitisha kwenye upupu. Yule bwana alifika Lukwanga anajikuna kila mahali, hana hamu ya kuhesabu hata vidole vyake. Akaandika vishamba vichache alivyoviona, akashuka mbio kwenda kuoga. Siku hiyo Melkizedek alipigiwa vigelegele, na vigelegele vile ndivyo vilivyomharibu.

Uhuru ukaja, tukashuka Kilosa kucheza ngoma mpaka miguu ikavimba. Baadaye Melkizedek akachaguliwa mjumbe wa nyumba kumi. Nikadhani sasa mambo ya kujificha yamekwisha, maana serikali ni yetu na wakubwa ni watoto wetu. Thubutu! Mtu aliyezoea kuchechemea hata mguu ukipona anaendelea tu.

Mwaka wa sabini na moja, wakati wa kiangazi, akaja kijana mmoja mtaalamu wa maji anaitwa Lupakisyo, mtu wa Tukuyu, na wenzake wawili wamebeba vijiti virefu vilivyopakwa rangi. Kijana wa adabu. Alinisabahi, "Shikamoo mama," amevua kofia, tena akapokea maji ya kunywa kwa mikono miwili. Akatueleza kazi yake bila maringo. Walikuwa wanatengeneza mfano wa bonde zima, kuanzia mlimani kwetu mpaka mashamba ya chini. Watapima maji yanayopita, wataandika ardhi ipi inalimwa na ipi ni pori, na nani anatumia maji kiasi gani. Siku wakubwa wakitaka kujenga kitu au kubadilisha kitu, wanajaribu kwanza kwenye mfano, waone nani atakosa maji.

"Kwa hiyo msipotuambia kweli," alisema, "mfano utadanganyika, na sisi tutadanganyika nao."

Mtu angetaka aelezwe vipi zaidi? Lakini jioni ile Melkizedek alikwisha kutukusanya nyuma ya kanisa.

"Hawa wanahesabu ili wachukue," alisema. "Azimio la Arusha limetoka, mashamba makubwa yanataifishwa. Mtu asionyeshe shamba ila lile lenye mazao. Maji semeni ya kunywa na kupikia tu."

Nikamuuliza, "Na yaliyolala je?"

"Yaliyolala ni pori."

"Melki, Kwa Katarina ni pori?"

"Kwa leo, dada. Kwa leo tu. Wakishuka, linarudi kuwa letu."

Nikamwambia wazi kuwa huo ni upuuzi, kwamba huyu siye yule wa upupu. Wenzangu wakanigunia. Wazee kwa vijana walikuwa upande wake, maana tangu wazaliwe hawajawahi kuona mtu aliyepata hasara kwa kumwambia ofisa kidogo.

Basi wakaufunga mfereji. Ndiyo, waliuziba mdomoni kwa magome ya migomba na udongo, wiki zote Lupakisyo alizokuwa akipima, ili ionekane Nyalusi inashuka nzima na hakuna mtu anayeigusa. Maharage yangu yakakauka nikiyatazama. Na mimi niliyeshika zamu za maji nikawekwa wapi? Jikoni, kumpikia mgeni ugali! Melkizedek ndiye aliyezunguka naye huko juu. Walipofika Kwa Katarina, yule kijana alisimama akatazama visiki vya zamani, akauliza kama pamewahi kulimwa. Melkizedek akasema hapana. Akauliza tena. Akasema hapana, ni nguruwe pori wanaofukua. Haya nilisimuliwa na yeye mwenyewe, anacheka mpaka anashika mbavu.

Miezi ikapita, tukaitwa shuleni Munisagara kuuona huo mfano. Ulikuwa mezani, milima ya udongo wa mfinyanzi, imepakwa rangi. Njano ndiyo mashamba, kijani ndiyo pori. Lupakisyo alikuwa na birika, akamimina maji juu taratibu, yakafuata kijito mpaka chini, watoto wakapiga makofi. Akatuambia kuwa huo ni wa kuonyesha tu, mahesabu yenyewe yako kwenye makaratasi, lakini yanasema hayohayo. Nikasogea kutafuta kwetu. Lukwanga nzima ilikuwa kijani. Njano ilikuwa kidogo tu, mtu ungedhani mtoto amedondosha uji.

Melkizedek akaninong'oneza, "Umeona, dada? Hatumo." Uso wake uling'aa kwa furaha. Mimi nikapatafuta Kwa Katarina kwa kidole, nikakuta kijani.

Maana ya huko kutokuwemo tukaijua mwaka wa sabini na nne. Operesheni Vijiji ilipofika upande wetu, tukaambiwa wote tushuke, tukae kijiji kipya karibu na reli, kwenye shule na zahanati. Wengine walifurahi. Mimi mwenyewe shule sikuichukia. Lakini sikilizeni masharti. Kila kaya itapewa bondeni ardhi sawa na ile iliyokutwa inalima mlimani, maana ndivyo mahesabu yalivyo. Nyalusi itajengewa kizuizi cha saruji pale inapotoka mlimani, maji yote yaende kwa bomba kwenye shamba la kijiji, maana watu wa juu hawayatumii. Na lile pori la juu litafyekwa, lilimwe mahindi, maana ni la bure, halina mwenyewe.

Halina mwenyewe! Nililia kwa hasira mpaka kichwa kikauma.

Marselina alikuwa ameolewa mwaka huohuo na Vitalis, kijana mpole, mtoto wa watu wa mkonge, asiye na hata tuta moja la kwake. Alikuja kukaa kwetu kama desturi yetu inavyotaka, akisubiri mke wake aonyeshwe shamba. Mimba ya kwanza ilikuwa imeshaonekana. Kila siku ananiuliza, mama, mjomba atanipandisha lini? Nami namwambia, subiri mvua.

Wiki moja kabla ya mkutano wa mwisho wa operesheni, Lupakisyo alipita nyumbani kwangu. Alikuwa amekonda. Nikamwita ndani, nikamwambia kila kitu, mfereji ulivyozibwa, mashamba yaliyolala, majina yake yote.

"Mama," alisema, "saruji haijamwagwa bado. Kuna mlima mwingine walisema wazi kuwa walituficha, nikarekebisha mahesabu, wakaachiwa mfereji na mashamba ya juu. Lakini habari hizi zilitolewa na mjumbe. Lazima mjumbe mwenyewe aseme mkutanoni mbele ya mkubwa wa operesheni. Akisema, mimi nitasimama naye."

Nikaenda mbio kwa Melkizedek. Nilimkuta anachonga mpini. Nikampigia magoti, mimi dada yake mkubwa, jambo ambalo halifanyiki kwetu.

"Melki, mtoto hana kitu. Sema tu ulikosea."

Akaniinua, machozi yamemlengalenga. "Nitasema, dada. Naapa kwa kaburi la mama, nitasema." Na Marselina alikuwepo, akasikia. Akacheka kwa raha, akaenda kumwambia mumewe.

Siku ya mkutano kiwanja cha kanisa kilijaa. Mkubwa wa operesheni alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kukoroma, alikuja na mgambo, na gari lao limeegeshwa chini kwenye reli. Lupakisyo alikaa pembeni yake. Mkubwa akasoma mipango yote, halafu akauliza kama kuna mwenye neno.

Namtazama Melkizedek, anatazama viatu vyake.

"Kwa sababu," mkubwa aliendelea, "kuna vijiji watu wameanza kubadilisha maneno. Sasa nawaambia, aliyeidanganya serikali ni mhujumu. Nafasi garini ipo."

Hapo nikaona shingo ya mdogo wangu inaingia mabegani. Nikajua hasemi. Nikasimama mwenyewe. Sikuwahi kusema mbele ya wanaume wengi vile, lakini siku hiyo hata simba angenikuta nasema. Nikataja mfereji, nikataja ulivyozibwa. Nikataja mashamba moja baada ya jingine, nani alilima, nani anasubiri kulilima. Nikasema Kwa Katarina ni la binti yangu huyu hapa, mwenye tumbo hili, na mkitaka nitawaonyesha mawe ya jiko la mama yangu yako palepale chini ya miti.

Mkubwa alikunja uso. Lupakisyo akainuka, nikamwona ana matumaini kabisa.

"Mzee Melkizedek," aliuliza kwa upole, "wewe ndiye mjumbe. Dada yako anasema kweli?"

Jamani. Lilikuwa neno moja tu. Ndiyo. Mtoto anayeanza kuongea analijua.

Melkizedek akavua kofia. Akasema kwa sauti yake ileile ya kusoma somo, "Dada yangu ni mjane, bwana. Tangu mumewe afariki akili zake zinamsumbua, tunamvumilia tu. Kule juu ni pori."

Hakuna aliyesimama nami. Letisia, ambaye shamba lenye jina lake lilikuwa linapakana na letu, aliinamisha kichwa akawa anachora chini kwa kidole cha mguu. Lupakisyo akaniangalia, akamwangalia Melkizedek, akakaa. Mkubwa akaniambia nikapumzike nyumbani, akasema mambo haya ya wanawake waliofiwa yanaeleweka. Watu wengine wakacheka. Kucheka kwa woga, najua, lakini walicheka.

Nilimchukia mdogo wangu siku ile. Sisemi nilikasirika, nasema nilimchukia, na sikuona aibu mbele ya Mungu.

Tukashuka. Milango tuliing'oa tukaibeba vichwani, kuku miguu imefungwa, wazee wanashikiliwa. Bondeni tukapimiwa vipande kwa kamba, kila kaya na njano yake ile ya kwenye mfano. Mimi nikapata ukanda ambao ukitema mate yanavuka upande wa pili. Marselina na Vitalis hawakupata kitu, kwa sababu mwaka wa kupima hawakukutwa na shamba. Wakaambiwa wasubiri ugawaji wa pili. Ugawaji wa pili hatujauona.

Huko juu hilo waliloliita pori likapigwa fyeka, likachomwa moto, mashamba yote yaliyolala yakafunguliwa kwa mkupuo mmoja. Mama zetu hawakufanya hivyo hata siku moja. Lilikuwa likifunguliwa moja, mengine yanaachwa yashike mlima. Mahindi ya mwaka wa kwanza yalikuwa makubwa, yakapigwa picha. Mvua ya mwaka wa pili ikauteremsha udongo wote mweusi mpaka kwenye kizuizi cha saruji, kikajaa tope hadi juu. Kiangazi kilipofika, Nyalusi ikawa madimbwi ya vyura. Juu hakuna, chini hakuna.

Lupakisyo akaja kutazama. Nilimkuta kasimama juu ya saruji, suruali imejaa tope.

"Mfano ulisema maji yatatosha, mama," alisema.

"Mfano wenu uliambiwa uongo, ukaamini," nikamjibu. "Mimi niliwaambia kweli, mkanipeleka kupumzika."

Hakubishana. Macho yalimjaa machozi, nami nikamwacha nayo, maana yangu yalikwisha kunikauka.

Lakini kabla ya hayo yote, tangu mwezi wa kwanza wa kushuka, Melkizedek alikuwa ameanza kuja mlangoni kwangu. Leo ameleta mahindi, kesho ameleta kuni. "Shikamoo dada." Namwitikia marahaba kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, halafu naingia ndani. Akataka kumpa Marselina nusu ya kipande chake. Mkewe akapiga kelele kijiji kizima kikasikia, kwamba watoto wake watakula nini, na kusema kweli hakukosea, kwa sababu kile kipande nacho kilikuwa kitu gani? Uongozi wa kijiji nao ukakataa, ardhi haigawanywi kienyeji tena.

Mwaka uleule tulioshuka mjukuu wangu alizaliwa salama, wa kike, akapewa jina la Katarina. Kabla hajaanza kutambaa, Vitalis akaniambia anarudi Rudewa kukata mkonge, na mkewe atakwenda naye. Alisema kwa heshima, kichwa chini. Ningemzuia kwa lipi? Kwetu mume ndiye anayekuja kwa mke. Binti yangu ndiye wa kwanza katika ukoo wetu, ninaoujua mimi, kubebeshwa mizigo kumfuata mwanamume kwenye kambi ya vibarua.

Tuliwasindikiza stesheni ya Munisagara kupanda treni ya Kilosa. Watu walikuwa wengi, siku ya soko. Melkizedek alikuja, sikumwita. Amevaa koti lake la kanisani, amesimama kando ya mizigo kama mtu aliyekuja kupokea barua. Treni ikaingia. Vitalis akapandisha magunia, akapandisha mkeka. Marselina akanikumbatia, akanipa mtoto nimbusu, akamchukua. Halafu akamwendea mjomba wake. Alikuwa amenyamaza miezi yote ile, hakuwahi kumtolea neno baya hata moja, na mimi nilikuwa namgombeza kwa hilo. Akapiga goti pale kwenye kokoto, mtoto mgongoni, akasema wazi, kila mtu akasikia:

"Shikamoo mjomba."

Mtoto wa dada yake. Yule ambaye mjomba huyu alitakiwa kumpandisha mlimani.

Akasubiri. Kwetu aliyeamkia hainuki kabla ya kuitikiwa. Melkizedek alifungua mdomo, sauti haikutoka. Watu wakaanza kugeuka kutazama. Honi ikapigwa, Vitalis anaita kutoka dirishani, na binti yangu bado goti liko chini anamtazama usoni. Mtu mzima, msomaji wa kanisa, mjumbe wa nyumba kumi, neno la marahaba likamshinda. Mwishowe nikaenda mimi nikamshika Marselina mkono, nikamwinua, nikampandisha kwenye behewa.